Nifungie Gereji

Gongoni, Tabora
12 Desemba 1970

Kwa kaka yangu Nassibu,

Shikamoo kaka, na Assalaam alaykum nyote hapo nyumbani, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini kifua cha Mfaume mdogo kimetulia sasa na analala usiku bila kukohoa. Sisi huku hatujambo. Shangazi Mwanne anakusalimu sana. Goti linamsumbua tangu mvua zianze, lakini mdomo, alhamdulillahi, haujapata ugonjwa wowote. Idi tuliila vizuri. Pilau ilikuwa ya mbuzi, na shangazi alikutaja kwenye kila sahani iliyopita mbele yake, eti Nassibu angekuwepo sufuria lisingefika jirani.

Barua yako niliipata Alhamisi ya wiki iliyopita, siku mbili kabla ya mkutano wa Ushirika. Niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Sikukujibu papo hapo kwa makusudi, maana ningekujibu vibaya, na wewe ndiye mkubwa wangu. Sasa mkutano umepita. Hasira bado ninayo, sikufichi, ila mkono umetulia na ninaweza kuandika. Kwa hiyo mwambie wifi akuletee chai, ukae, unisikilize mpaka mwisho.

Umeniandikia kwamba Abbasi amekueleza yote. Kwamba mzee Masolwa, anayekaa na simu ya Ushirika kule Kigwa, alikuwa amelewa, akabwabwaja maneno yasiyoeleweka, na kwa ajili hiyo mtoto wa watu akafa. Kwamba mimi, mkuu wa ubao wa simu na mchumba wa huyo Abbasi, meneja wetu, ninachotakiwa ni kusimama mkutanoni niseme Masolwa alifundishwa maneno mapya akakaidi. Sentensi moja tu, umesema, halafu niolewe kwa amani. Kaka, hiyo sentensi moja ni uongo mtupu. Tena ingemfukuzisha kazi mzee wa watu na kumtoa katika nyumba ya kituo anayoishi na wajukuu zake. Acha nikueleze mambo yalivyokuwa.

Unajua Ushirika wetu wa Warina Asali una waya wake wenyewe wa simu, ule ulioachwa na Mzungu aliyekuwa akinunua nta. Unatoka bohari kuu hapa mjini, mkono mmoja unakwenda Kigwa na mwingine unakwenda Usinge. Mimi nakaa mbele ya ubao wenye matundu, kila kituo tundu lake. Kituo kikipiga, nachomeka waya, namuuliza mtu anamtaka nani, ncha ya pili naichomeka kwa huyo anayetakiwa, wanaongea. Wakimaliza nachomoa. Usicheke, kuchomoa ndiyo kazi yenyewe. Nyaya ni chache, na ukiusahau waya kwenye tundu la watu waliokwisha kwenda zao, mwingine mwenye shida atapiga mpaka achoke. Na simu zenyewe hazikuzaliwa tumbo moja. Za Kigwa na Usinge ni za kizamani, za kuzungusha mkono, na mtu akimaliza anazungusha tena, kibao kidogo cha ishara kinaanguka kwenye ubao wangu. Za hapa mjini, kama ya gereji, ni mpya, zinawasha taa. Basi huyu namngojea kibao, yule namngojea taa, na asiyeleta chochote namwingilia kwa adabu namuuliza kama amemaliza. Tangu nikae pale hakuna aliyekatwa na mkono wangu kinywa kikiwa wazi. Najisifu, ndiyo, maana ni kweli.

Zamani ubaoni tulikuwa tukisema Kiingereza. Mzee Masolwa, ambaye hajawahi kukalia dawati, alilazimishwa kusema konekti akitaka kuunganishwa na kilia akimaliza, na akasema. Baada ya Azimio ofisi ikaamua tutumie Kiswahili, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Abbasi akajifungia ofisini akatunga kijitabu cha maneno ya simu. Mtu akitaka kuunganishwa, aseme anaomba mawasiliano na fulani. Akimaliza, aseme funga. Nilipoliona hilo neno nilishtuka, nikamfuata.

Sababu yangu ni hii. Wazee wote wa vituoni wana neno lao la kuomba kuunganishwa, na hawakulitoa kwenye kitabu cha mtu. Wanasema nifungie. Nifungie Tabora. Nifungie bohari. Hata enzi za Mzungu, wakishasema konekti kwa kumridhisha, walimalizia na nifungie ili sisi tuelewe. Hapa kwetu mtu akifunga mzigo, ndiyo kwanza anaondoka. Babu zetu waliobeba nta na pembe kutoka hapa mpaka pwani walifunga asubuhi, wakafungua jioni kambini. Kwa Masolwa, kufunga ni kuanza. Kwa kijitabu cha Abbasi, kufunga ni kumaliza. Na wote wawili, kaka, wanasema Kiswahili safi.

Nilimwambia Abbasi hayo kabla kijitabu hakijapigwa chapa, na Flavia, msichana mpya tuliyempata kutoka Ipuli, alikuwa amekaa palepale. Nikamshauri tutumie maneno mawili ambayo mzee na kijana wote hawawezi kuyakosea, unga na achia, na mpaka watu wote wazoee, sisi wa ubaoni tuwe tunauliza kabla ya kugusa waya. Si kazi, ni swali la pumzi moja. Abbasi akacheka. Akasema nataka kuiharibu lugha ya taifa kwa kuwabembeleza wazee wa porini, na kwamba asiyeweza kubadilika ataachwa nyuma. Nikamwambia simu haikuwekwa kumwacha mtu nyuma. Akaniuliza kama nikishakuwa mkewe nitaendelea kubishana hivyo. Nilidhani ni utani, nami nikacheka.

Kijitabu kikapelekwa Kigwa na lori, kikiwa juu ya magunia. Hakuna mtu aliyekwenda kukieleza. Masolwa hajui kusoma, na Abbasi anajua hajui, maana kila mwezi ndiye anayemshika kidole gumba kukipaka wino. Sasa niambie, alifundishwa na nani, na lori?

Haya. Wiki ya pili ya Ramadhani, adhuhuri, nilimwachia Flavia ubao nikaenda chumba cha nyuma kusali. Kule Kigwa kulikuwa na mama mmoja anaitwa Bertila, mke wa mrina asali, ana uchungu tangu jana yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga akasema huyu apelekwe mjini sasa hivi. Treni ilikuwa imekwisha pita. Gari la Ushirika lilikuwa gereji hapa mjini, na dereva amekaa kivulini hana la kufanya. Masolwa akazungusha simu, akasema kama alivyosema miaka yote, nifungie gereji. Flavia aliyefundishwa na kijitabu akasikia funga, akachomoa. Masolwa akapiga tena, safari hii analia, nifungie, nifungie upesi. Waya ukachomolewa tena.

Mzee wa watu akaamini waya umekatika njiani. Angefikiri nini kingine? Akatoka mbio kufuata nguzo kwenye matope, akitafuta mahali ulipoanguka auunge kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimetoka kusali, nikakaa ubaoni na kanga yangu ya kusalia, nikapiga Kigwa nikapiga, hakuna wa kupokea. Aliporudi, ameona waya ni mzima, akazungusha mara ya tatu, akanikuta mimi. Nilimuunga gereji kabla hajamaliza kusema. Lakini dereva alikuwa ameshatoka na gari kupeleka madebe ya asali stesheni, na ikabidi atafutwe huko, apakue kwanza, ndipo aende.

Bertila alifika mjini jua limepoa. Yeye amepona. Mtoto, wa kike, alitoka hana pumzi.

Siku ya tatu Abbasi akaanza kusema Masolwa alikuwa amelewa. Kaka, Masolwa! Mzee wa kanisa la Moravian, mtu ambaye hata togwa akiionja imechachuka anaitema mbele ya mwenye nyumba. Lakini maneno yalienea, kwa sababu yametoka ofisini na yana saini. Huko kwako yakafika yamevaa suti, nawe ukayapokea, kwa kuwa Abbasi ni rafiki yako na umeshakula mkate wake. Sikulaumu sana kwa hilo. Nakulaumu kwa kuwa hukuniuliza mimi kwanza.

Basi Jumamosi tukakusanyika bohari, wanachama wamekaa juu ya mapipa na magunia mpaka mlangoni. Masolwa alikuja na koti lake la kanisani. Bertila alikuja pia, amekaa nyuma na mumewe, amejifunga kitenge mpaka kifuani ingawa kulikuwa na joto. Abbasi alizungumza kwa muda mrefu. Alitaja maendeleo, alitaja nidhamu, alitaja ukombozi wa lugha, mtoto hakumtaja. Kisha akaniita, kwa sauti ile ya kumwita mtu uliyekwisha kupatana naye, akaniomba niwathibitishie wanachama kwamba Masolwa alifundishwa.

Nikasimama nikasema hakufundishwa.

Abbasi akatabasamu. Akawaambia watu kwamba nimechoka na saumu, nisieleweke vibaya. Saumu! Na Idi imekwisha pita. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kumuuliza meneja swali moja la Kiswahili, kwa kuwa yeye ndiye bingwa. Mwenyekiti akaruhusu. Nikamuuliza Abbasi, siku alipokuja kwetu na wazee wake akasema anataka kufunga ndoa, je, alikuwa anakuja kuianza au kuimaliza? Bohari lilipasuka. Wazee waligonga mapipa, na mama mmoja wa Usinge akapiga vigelegele mpaka akanyamazishwa. Abbasi akajibu kwamba hayo ni mambo mengine. Nikamwambia ni mambo yaleyale na kinywa ni kilekile. Kwamba yeye akisema funga, watu tunatakiwa tutafute maana yake kwa heshima, ila Masolwa akisema funga, ni pombe. Nikamwambia Kiswahili kilifika Tabora kwa miguu, kichwani mwa wapagazi, kabla hakijapata ofisi wala kiti cha kuzunguka, na hakuna mtu atakayenifundisha mimi kumwonea aibu babu yangu.

Mwenyekiti alipiga meza. Abbasi uso ulikuwa umebadilika. Na hapo, kaka, ndipo alipofanya jambo lililonimaliza. Alimgeukia Flavia. Akasema, haya, kama kosa si la Masolwa basi ni la aliyechomoa waya, na huyo anajulikana, asimame ajieleze. Yule msichana alisimama, machozi yanamtoka. Alikuwa amemtazama Abbasi kwa namna ya mtu anayeomba asimalizwe.

Sasa nakuambia neno ambalo Abbasi hakukuandikia, na ambalo mimi nilikuwa sijamwambia hata shangazi. Nilikuwa nalishikilia nikimngojea alitamke yeye mwenyewe, kwa sababu nilimpenda, na nilitaka liwe lake. Nilimngojea Ramadhani yote iliyobaki.

Mara ya kwanza Flavia alichomoa. Mara ya pili hakuchomoa. Aliposikia mzee analia alisita, mkono ukabaki hewani, akageuka kurudia maneno ya mzee na kuuliza afanye nini, kwa sababu nyuma yake alikuwa amesimama meneja. Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma, navaa viatu. Nilimsikia Abbasi akimwambia kwamba mtu amesema funga, basi afungiwe, ajifunze. Na Flavia alipoendelea kusita, Abbasi akapitisha mkono juu ya bega lake, akauchomoa waya mwenyewe. Ule mkono wenye saa uliyomletea wewe kutoka Dar es Salaam. Kisha akaenda zake ofisini akifuta kiganja na leso.

Niliyasema hayo mbele ya wanachama wote, kama nilivyokuandikia hapa, sikupunguza wala sikuongeza. Nikasema pia kwamba Flavia asiguswe. Abbasi alitia mkono mfukoni, ule wenye saa. Ndipo Bertila aliposimama kule nyuma. Hakupiga kelele. Alimuuliza Abbasi jambo moja tu, kama alisikia mzee Masolwa akilia. Abbasi akamtazama mwenyekiti, kana kwamba swali limeulizwa kwa lugha asiyoijua. Bertila alisimama akingoja, akangoja, mpaka mumewe akamshika mkono akamkalisha.

Wanachama wakaamua Masolwa abaki kazini kwake na nyumbani kwake. Wakaamua pia ubaoni tuulize kabla ya kugusa waya, na maneno yawe unga na achia, kwa wa zamani na wa sasa, mpaka hapo wote watakapoelewana. Habari za Abbasi zimepelekwa juu, na huko juu sijui zitalala kwenye meza ya nani. Kwa sasa bado ni meneja. Jumapili alinitumia ujumbe kwamba nisikanyage tena chumba cha simu. Jumatatu nilikwenda. Flavia alikuwa ameshakaa, akanisogezea kiti, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuja kuniinua. Akija, atanikuta nimekaa.

Sasa tuingie kwenye lile unalolingoja. Sitaolewa na Abbasi. Posa ulipokea wewe, na ungekuwepo ningekuomba uirudishe wewe. Kwa kuwa hupo, shangazi Mwanne ataipeleka Ijumaa baada ya sala. Alilia kwanza, alinitukana kidogo, kisha akauliza ile sinia ya shaba iliyoletewa posa iko wapi. Wewe ni walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, na heshima yako iko palepale, lakini ulimi wangu hauna walii. Sikuombi ruhusa, kaka. Nakuomba radhi zako, uniombee, na kama huwezi leo basi utaniombea ukishapoa.

Najua utasema watu watasema. Waseme, huu mji umeanza kusema kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Utasema pia kwamba kwa umri wangu si rahisi kupata mwingine. Huenda. Nilimpenda, nakuambia wazi ili usidhani lilikuwa jepesi, na usiku mwingine bado nalia. Lakini ningelala vipi na ule mkono kifuani pangu, nikiujua?

Nisalimie wifi sana, mwambie kanga aliyoniletea ya Idi imenipendeza na shangazi ameshaitolea macho. Wabusu watoto. Salamu pia kwa jamaa wote wa Tabora walioko huko, na ukimpata mtu anayekuja na treni, shangazi anaomba dawa ya goti ile ya kuchua. Marafiki zako na Abbasi wakikuuliza kwa nini ndoa imevunjika, usiwaambie tulikosana, wala usiwaambie mdogo wako ni mkaidi, ingawa ni kweli. Waambie dada yako aliuona mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Mwamvita binti Mfaume